Kumchuja Mteja wa Tovuti na Kukusanya Maelezo ya Mradi Kabla ya Kutaja Bei: Mwongozo Kamili

Ujumbe huingia saa tatu usiku: "Kaka, tovuti ni bei gani?" Mbunifu anajibu "laki tano", mteja anasema "sawa, anza", na baada ya miezi mitatu wawili hao hawasalimiani. Mmoja anadai kwamba malipo ya M-Pesa yalikuwa sehemu ya kazi, mwingine anashangaa kwa kuwa neno hilo halikuwahi kutajwa. Wabunifu wanaoniandikia kuhusu migogoro ya namna hii huniuliza jinsi ya kuandika mkataba mkali zaidi, ilhali nikifuatilia mazungumzo yao tangu mwanzo nakuta kosa ni lilelile: bei ilitajwa kabla kazi haijajulikana.

Mwongozo huu unahusu kipindi kifupi kati ya ujumbe wa kwanza na nukuu ya bei. Nimeuandika kwa mbunifu anayefanya kazi peke yake au na wenzake wawili watatu. Mfano nitakaourudia ni wa kampuni ya utalii ya Arusha, ambayo nimeiunda kwa kuchanganya wateja kadhaa, kwa sababu kampuni ya aina hiyo hubeba karibu kila tatizo utakalokutana nalo: lugha nyingi, bei zinazobadilika, picha nyingi, malipo kutoka nje ya nchi, na tovuti ya zamani isiyojulikana ni ya nani.

## Vitu vya kuandaa kwanza

Usianze kumhoji mtu kabla ya kuwa na vitu vifuatavyo, kwa sababu mteja aliyeulizwa maswali leo na kutumiwa fomu wiki ijayo huwa ameshampata mwingine.

- Nambari ya simu ya kazi yenye WhatsApp Business, ili uweze kuhifadhi majibu ya haraka na kuwawekea wateja lebo kulingana na hatua waliyofikia.
- Dodoso la mradi, ama kwa fomu ya Google ama kwa hati ya kawaida inayoweza kuchapishwa. Wateja wenye umri mkubwa mara nyingi hupendelea karatasi, na karatasi iliyojazwa kwa kalamu ni nzuri kama fomu yoyote.
- Folda ya pamoja mtandaoni, ikiwa na folda ndogo za nembo, picha, maandishi na nyaraka za biashara.
- Daftari la wateja, yaani jedwali lenye jina, tarehe ya ujumbe wa kwanza, aliyemleta, hatua aliyofikia na sababu ya kukubaliwa au kukataliwa.
- Kiolezo cha muhtasari wa mradi kisichozidi kurasa mbili.
- Kiwango chako cha chini: kiasi ambacho ukilipwa pungufu ya hapo unafanya kazi kwa hasara. Hesabu siku ambazo tovuti ndogo kabisa hukuchukua, ukijumlisha siku za kusubiri na kurekebisha, kisha zidisha kwa gharama ya siku yako moja. Andika tarakimu hiyo mahali unapoiona.

## Hatua ya 1: Jibu ujumbe wa kwanza bila kukisia bei

Jibu haraka, kwa adabu, na umalizie kwa maswali mepesi matatu. Ujumbe wangu huwa hivi:

"Habari za jioni, asante kwa kututafuta. Ili nikupe bei ya haki, naomba kufahamu mambo matatu: biashara yenu inahusu nini, tovuti hiyo mnataka iwafanyie kazi gani, na je, mna tovuti au jina la kikoa (yaani anwani ya tovuti) tayari? Ukipenda kujibu kwa sauti ni sawa."

Sentensi ya mwisho ina maana yake. Watu wengi wenye fedha na nia ya kweli hawapendi kuandika kwa simu, na ukiwalazimisha utawapoteza wateja wazuri kwa sababu isiyohusiana na ubora wao. Wewe ndiye utakayeandika: sikiliza ujumbe wa sauti, uuweke katika maneno, na uyahifadhi.

Wapo watakaosisitiza: "Nipe makadirio tu." Usikatae na usikisie. Taja kiwango cha chini na ueleze kinachokipandisha: "Kazi zetu huanzia kiasi hiki kwa tovuti ya maelezo tu; lugha zaidi, malipo ya mtandaoni na mfumo wa kuweka nafasi huongeza." Kutaja mwanzo wa bei si kutoa bei, na pia ni chujio la kwanza, kwa sababu mwenye elfu themanini mfukoni atajiondoa mwenyewe bila kinyongo.

Hatua hii imefaulu mtu akijibu angalau maswali mawili. Akirudia tu "bei gani?" mara ya tatu, mwekee lebo ya kusubiri na uendelee na kazi nyingine.

## Hatua ya 2: Maswali matano ya chujio

Maswali haya huulizwa kwa simu, kwa muda usiozidi dakika 15. Nayauliza kwa mdomo kwa makusudi, kwa kuwa kusitasita kwa mteja kunaeleza mambo ambayo jibu la maandishi lingeyaficha.

Tovuti hii ikifanikiwa, nini kitabadilika katika biashara yenu? Jibu la "kila mtu ana tovuti" si kosa, ila linakuonya kwamba mteja hataweza kuipima kazi yako isipokuwa kwa macho, na macho hubadilika kila siku. Jibu la "wageni wanaletwa na mawakala wanaotukata fedha nyingi, tunataka waje moja kwa moja" ni msingi wa mradi mzima. Asiyekuwa na jibu msaidie kulitafuta: muulize ni maswali gani anayojibu kila siku kwa simu hadi kuchoka.

Nani ataidhinisha kazi, na nani atalipa? Hili ndilo swali linaloachwa mara nyingi kuliko yote. Anayekuandikia huenda akawa mpwa wa mkurugenzi, katibu muhtasi aliyeagizwa "tafuta mtu wa tovuti", au dalali atakayeongeza chake juu ya bei yako. Hakuna ubaya katika lolote kati ya hayo, mradi ulijue. Ubaya huja pale unapobuni kwa ladha ya mpwa, kisha mkurugenzi aone kazi kwa mara ya kwanza siku ya kukabidhi. Ukimpata dalali, sema mapema kwamba utahitaji kikao kimoja na mwenye biashara. Akikataa katakata, acha.

Nani ataandika maneno, na picha zitatoka wapi? Kwa uzoefu wangu miradi mingi iliyokwama haikukwama kwenye ubunifu, bali kwenye ukurasa wa "Kuhusu sisi" ambao mteja aliahidi kuuleta Ijumaa. Anayesema "utaandika wewe" amekuongezea kazi inayopaswa kulipwa. Anayesema "chukua picha mtandaoni" anahitaji kuelezwa kwamba picha hizo zina wenyewe.

Mnaihitaji lini, na kwa nini tarehe hiyo? Sehemu ya pili ndiyo yenye uzito. Kampuni yetu ya Arusha ikisema "kabla ya Juni", ina sababu, kwa kuwa msimu mkubwa wa wageni huanzia hapo. Lakini ukichimba zaidi utagundua kwamba wageni wa Juni huweka nafasi miezi mingi kabla, hivyo tarehe halisi ni ya mapema zaidi au ni ya msimu unaofuata. "Kesho kutwa" isiyo na sababu ni dalili ya mtu aliyegombana na mbunifu mwingine. Muulize kwa upole yaliyotokea huko.

Mmetenga kiasi gani? Wengi wetu huona haya kuuliza, na wateja huona haya kujibu wakihofia kwamba utameza chote walichotaja. Toa makundi matatu ya bei na umwombe achague lililo karibu naye. Anayekataa hata makundi mara nyingi hajatenga chochote.

### Dalili za kuzingatia, na zile za kupuuza

Zipo dalili ambazo mimi huzichukulia kwa uzito: mteja anayewasema vibaya wabunifu wote watatu waliomtangulia, anayetaka sampuli ya bure ya ukurasa wa mwanzo "nione kama unaweza", anayeahidi kazi nyingine kumi baada ya hii ya bei ndogo, na anayekwepa kuandika jambo lolote, kila kitu kikiwa "tutaongea tu".

Zipo pia dalili ambazo wabunifu vijana huziogopa bila sababu. Mzee asiyejua tofauti ya tovuti na barua pepe si mteja mbaya. Mara nyingi ndiye anayelipa kwa wakati na kuheshimu ushauri. Anayejibu baada ya siku mbili huenda yuko porini na wageni. Anayepatana bei anafanya kile anachokifanya sokoni maisha yake yote, na hilo halimaanishi kwamba anakudharau.

Chujio limefanya kazi ikiwa sasa unaweza kuandika katika daftari sentensi moja inayosema biashara ni ipi, tovuti itafanya nini, nani anaamua na fedha zipo kundi gani. Ukishindwa kuiandika, kuna swali ulilolikwepa.

## Hatua ya 3: Mchunguze mteja kwa dakika 20

Kabla ya kutuma dodoso refu, hakiki uliyoambiwa. Kwa Tanzania Bara, jina la kampuni au la biashara hutafutwa katika mfumo wa BRELA, wakala wa usajili wa biashara. Zanzibar usajili huo uko chini ya wakala wake, BPRA. Kenya hupatikana kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Angalia pia ramani ya Google, kurasa za mitandao ya kijamii, na nakala za zamani za tovuti yao katika Wayback Machine, hifadhi ya kurasa za mtandao, ambako mara nyingine utakuta maandishi mazuri waliyoyapoteza na kuyasahau.

Kisha angalia jina la kikoa kwa huduma ya WHOIS, inayoonyesha taarifa za usajili wa kikoa. Unatafuta mambo matatu: kimesajiliwa kwa msajili gani, kinaisha lini, na kama taarifa za mmiliki zinaonekana, ni jina la nani. Taarifa zikiwa zimefichwa, mwombe mteja akuonyeshe barua pepe au risiti ya usajili.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu liliniumiza. Niliwahi kukamilisha tovuti ya mteja kwa wakati, nikafuta jasho, kisha tukagundua kwamba jina la kikoa lilikuwa katika akaunti ya mfanyakazi aliyeondoka kwa ugomvi. Tovuti ilikaa wiki sita bila kuonekana na mtu, na malipo ya mwisho yakakaa nayo. Swali moja la mwanzo lingeliokoa yote hayo.

Ukikuta kikoa hakiko mikononi mwa mteja, mweleze kwamba kukirejesha ni kazi yake, kwamba inaweza kuchukua muda, na kwamba tarehe ya mradi itahesabiwa baada ya hapo. Kumbuka pia kwamba kikoa cha .com kilichosajiliwa au kuhamishwa karibuni kwa kawaida hufungwa kwa siku 60 kabla ya kuruhusiwa kuhamia kwa msajili mwingine. Kwa vikoa vya .tz, zingatia kwamba kundi huendana na aina ya taasisi: .co.tz kwa biashara, .or.tz kwa asasi zisizo za faida, .ac.tz kwa vyuo, na .go.tz kwa serikali. Taasisi ya serikali ikikutafuta, jua kuwa manunuzi yake hupitia mfumo wa NeST na tovuti yake lazima ifuate miongozo ya Mamlaka ya Serikali Mtandao, hivyo mazungumzo ya WhatsApp peke yake hayatakufikisha popote.

## Hatua ya 4: Tuma dodoso

Dodoso hutumwa kwa mteja aliyepita hatua mbili zilizotangulia tu. Liwe la dakika 30, lisizidi maswali 25, na liruhusu jibu la "sijui", kwa kuwa "sijui" ya kweli ina thamani kuliko jibu la kubuni. Nitaeleza sehemu ambazo wabunifu hukosea. Mambo ya anwani na nambari za simu hayahitaji maelezo.

### Usihesabu kurasa, hesabu vitu

"Kurasa tano" ndicho kipimo kinachodanganya kuliko vyote. Kampuni yetu ya utalii itasema kurasa tano: mwanzo, kuhusu sisi, safari, picha na mawasiliano. Ndani ya hiyo "safari" kuna Serengeti na Ngorongoro ya siku nne, Tarangire ya siku moja, Zanzibar ya mapumziko, na Kilimanjaro yenye njia ya Marangu kwa siku 5 au 6, Machame kwa siku 6 au 7, na Lemosho kwa siku 7 au 8. Kila safari ina ratiba ya siku kwa siku, vilivyomo katika bei, visivyokuwamo, na picha zake. Kurasa tano zimekwisha kuwa zaidi ya kumi.

Kwa hiyo swali liwe hili: "Orodhesha kila bidhaa, huduma au safari mnayoiuza, hata ndogo." Halafu uliza ni vipi kati ya hivyo hubadilika, mara ngapi kwa mwaka, na nani atavibadilisha. Bei ya safari hutegemea idadi ya wageni na msimu. Bei ya mtu mmoja si bei ya watu sita, na bei ya masika si ya Agosti. Ukijua hayo mapema utatengeneza jedwali ambalo mteja anaweza kulihariri mwenyewe. Usipojua, utapigiwa simu kila bei inapopanda.

### Malipo: "niwekee M-Pesa" ina maana zaidi ya moja

Mteja mmoja akisema hivyo anataka Lipa Namba ionekane kwenye ukurasa, na hiyo ni kazi ya dakika tano. Mwingine anataka mnunuzi aandike nambari yake, simu yake iombe namba ya siri, na oda ijithibitishe yenyewe. Hiyo ya pili inahitaji kampuni ya kupokea malipo kama vile Selcom, Pesapal au AzamPay, au kwa Kenya huduma ya Daraja ya Safaricom, na kampuni hizo hudai nyaraka: cheti cha usajili, namba ya mlipakodi (TIN), leseni ya biashara na akaunti ya benki. Mteja asiye na nyaraka hizo hawezi kupata huduma hiyo hata ukiwa fundi wa namna gani.

Uliza basi: Nani atalipa, wa ndani au wa nje? Kwa simu, kwa kadi au kwa benki? Kwa shilingi au kwa dola? Atalipa yote au kitangulizi? Fedha ikirudishwa, nani anairudisha na kwa njia gani? Mgeni wa Ujerumani anayelipia safari hana M-Pesa ya Tanzania, na mwenye kampuni mara nyingi hajaliwazia hilo mpaka aulizwe.

### Barua pepe

Uliza barua pepe za kampuni zinakaa wapi na zinatumiwa na watu wangapi. Mbunifu anayehamisha tovuti kwenye seva mpya (kompyuta inayohifadhi tovuti) kwa kubadilisha seva za majina, zinazoelekeza kikoa kilipo, bila kunakili rekodi za MX, zinazoelekeza barua pepe, huzima barua pepe za ofisi nzima, na kwa kampuni ya utalii katikati ya msimu, siku mbili bila barua pepe ni hasara ambayo hutasamehewa.

### Lugha

Kila lugha ni nusu ya tovuti nyingine, kwa sababu maandishi yote hurudiwa na kila badiliko hufanywa mara mbili au tatu. Uliza nani atatafsiri na nani atajibu wageni watakaoandika kwa lugha hiyo. Ukurasa wa Kifaransa usio na mtu wa kumjibu Mfaransa ni mapambo. Hoteli ya Zanzibar inayotaka Kiarabu iambiwe kwamba Kiarabu huandikwa kutoka kulia kwenda kushoto, na kwamba mpangilio wote wa kurasa hugeuzwa. Si suala la kubadilisha maneno tu.

### Taarifa binafsi

Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023 na kusimamiwa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kenya ina yake ya mwaka 2019. Orodhesha pamoja na mteja kila kitu ambacho fomu za tovuti zitakusanya. Wapanda mlima huulizwa nambari za pasipoti na hali ya afya, na taarifa za afya si za kuachwa katika barua pepe ya kila mtu. Muulize kama kweli anazihitaji wakati wa kuomba bei, au zinaweza kusubiri mpaka mgeni athibitishe. Karibu kila mara zinaweza kusubiri, na fomu fupi hujazwa na watu wengi zaidi.

### Matunzo

Nani atalipia seva na kikoa mwaka wa pili? Nani atasasisha programu na kuweka nakala rudufu? Swali hili lisipoulizwa sasa, jibu lake litakuwa wewe, bure.

Dodoso likirudi likiwa limejazwa robo tatu baada ya wiki moja, umepata mteja. Likirudi na majibu ya neno mojamoja, usilirudishe; jaza yaliyobaki katika kikao. Lisiporudi kabisa baada ya vikumbusho viwili, mradi haujaiva, hata kama mteja bado anapiga simu kuuliza "tumefikia wapi".

## Hatua ya 5: Kikao kimoja chenye ajenda

Dakika 45 zinatosha, ana kwa ana au kwa video. Mwamuzi uliyemtambua katika hatua ya 2 lazima awepo. Asipokuwepo, ahirisha kwa heshima.

Usirudie maswali ya dodoso. Mwombe akuonyeshe mambo badala ya kukueleza. Afungue simu yake akuonyeshe ujumbe wa wateja watano wa mwisho: walimpata wapi, waliuliza nini kwanza, nini kiliwafanya walipe au watoweke. Katika dakika kumi za namna hiyo nimewahi kujifunza kwamba wageni wa kampuni moja hawakuuliza bei kwanza, bali waliuliza kama chakula cha mlimani kinamfaa asiyekula nyama. Jambo hilo halikuwemo popote kwenye dodoso, nalo likapata nafasi ya juu kwenye kila ukurasa wa Kilimanjaro.

Kisha mwombe ataje tovuti tatu anazozipenda na moja asiyoipenda, na kwa kila moja aseme ni kitu gani hasa. "Nataka kama hii" haitoshi. Huenda anachokipenda ni picha ya tembo tu. Swali la rangi lisiulizwe kikaoni, kwani hula nusu saa na kuzaa ubishi kati ya wakurugenzi.

Ukitaka kurekodi, omba ruhusa. Mwishoni, soma kwa sauti mambo uliyoyaandika na umuulize kama umeelewa sawa. Mteja akikurekebisha mara mbili au tatu, kikao kimefana. Akiitikia tu kila kitu, huenda hakusikiliza.

## Hatua ya 6: Pokea malighafi na funguo

Picha zinazotumwa kwa WhatsApp hupunguzwa ubora. Elekeza zipakiwe kwenye folda ya pamoja, na kama lazima ziwe za WhatsApp, zitumwe kama dokumenti. Omba nembo katika faili ya awali ya mbunifu aliyeichora, si picha iliyokatwa kutoka kwenye kalenda.

Nywila zisitumwe kwa ujumbe wa kawaida. Panapowezekana, mteja akualike kama mtumiaji katika akaunti zake, ili aweze kukuondoa kazi ikiisha. Kikoa na seva visajiliwe kwa jina na barua pepe ya mteja hata kama wewe ndiye unayelipia kwa niaba yake. Najua wapo wanaoshikilia kikoa kama dhamana ya malipo; matokeo yake ni yule mteja wa hatua ya 3 anayekuja kwako akiwa hana chochote mkononi.

Weka kanuni moja: tarehe ya kuanza kazi huhesabiwa kuanzia siku ambayo angalau nembo, maandishi ya kurasa kuu na funguo za kikoa vimefika. Bila kanuni hiyo, ucheleweshaji wa mteja huwa ucheleweshaji wako.

## Hatua ya 7: Andika muhtasari na uthibitishwe

Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na makubaliano ya tovuti ni mali. Katika kurasa mbili, andika: lengo la tovuti kwa sentensi moja, vitu vitakavyotengenezwa kwa idadi, lugha, njia za malipo kwa maana iliyoafikiwa, nani analeta nini na lini, nani anaidhinisha, na idadi ya marudio ya marekebisho.

Sehemu muhimu kuliko zote ni ile ya vitu visivyokuwamo. Kwa kampuni yetu ingesomeka hivi: "Kazi hii haijumuishi tafsiri ya Kijerumani, kupiga picha, malipo ya kadi, matangazo ya Google, wala matunzo baada ya siku 30." Mistari hiyo huonekana ya ukali kwa anayeiandika mara ya kwanza, lakini wateja huisoma kwa shukrani, na wengine hunyoosha mkono hapohapo: "Hapana, malipo ya kadi tunayataka." Afadhali aseme leo.

Tuma kama PDF na uombe jibu la maandishi, hata la "nimesoma, nakubali". Alama ya dole gumba kwenye WhatsApp usiihesabu kuwa idhini.

## Hatua ya 8: Amua, kisha toa bei

Sasa una njia tatu. Mradi ukiwa wazi, toa nukuu yenye muda wa uhalali, ukieleza malipo ya awali na hatua za malipo yanayofuata. Fafanua suala la kodi: kama umesajiliwa kwa VAT (kodi ya ongezeko la thamani), ambayo kiwango chake cha kawaida Tanzania Bara ni asilimia 18, sema bei ni pamoja nayo au bila hiyo, na kama mteja ni kampuni, uliza kama atakata kodi ya zuio ya asilimia 5 kwenye ada ya huduma, ili upunguzo huo usikushtue siku ya malipo.

Mradi ukiwa na fedha na nia lakini maelezo bado yana ukungu, uza hatua ya upembuzi peke yake: siku chache za kulipwa ambazo mwishoni mteja anapata muhtasari kamili, anaoweza kuupeleka hata kwa mbunifu mwingine. Anayekubali kulipia upembuzi karibu kila mara hubaki nawe.

Na mradi usiokufaa ukatae mapema, kwa maandishi mafupi yasiyo na lawama: "Dada, asante kwa muda wako na kwa kutuamini. Baada ya kupitia mahitaji yenu, nimeona kwamba kwa muda na bajeti iliyopo hatutaweza kuwapa kazi inayostahili. Kwa sasa ukurasa wa biashara kwenye Google pamoja na WhatsApp Business vinaweza kuwasaidia bila gharama kubwa." Usiandike sababu ndefu, kwani kila sababu huzaa majadiliano. Katika daftari, mbele ya jina lake, andika sababu halisi na mwezi wa kumjulia hali. Kwa biashara za utalii mimi huandika Novemba, baada ya msimu mkubwa kwisha na hesabu za mwaka kuanza kuonekana.